Shairi lililomuua mama

Kaka, nimetoka ukumbini sasa hivi.

Wafadhili wa lile shirika la kanisa linalonisomesha wamekuja, nikaombwa nisome shairi langu. Mratibu akanipa karatasi aliyochapa mwenyewe. Kumbe kaongeza ubeti: eti mama yangu amekufa! Na vina vyenyewe havilingani!

Amekufa! Na mama kakaa kiti cha mbele, kavaa gauni la harusi ya dada!

Nikamnong'oneza mratibu, "Mama yangu si yule pale?"
"Soma tu, mwanangu. Yatima ndio wanaowagusa."

Wanaowagusa! Kinyaa gani hiki?

Nikaichana ile karatasi. Nikapanda jukwaani, nikasema, "Mama, simama wakuone." Akasimama.

Mratibu kasema nisahau ada ya muhula ujao. Mama kasema nikienda kuomba radhi, nisirudi kwake.