Maganda Nyuma ya Jiko

Petit-Cap, Nova Scotia
Julai 2, 1979

Babu Placide,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Sisi wazima; mama anakusalimu.

Kiangazi hiki nimeajiriwa kuhesabu mimea adimu kwenye hifadhi, nyanda zilezile mlizoondolewa ili hifadhi ianzishwe. Juzi, karibu na ukingo wa jabali, nilikuta kipande cha hatua sita kwa nne chenye okidi ndogondogo zipendazo chokaa. Udongo wote wa huko ni mchachu, hauna chokaa. Chokaa imetoka wapi? Mkuu wangu anasema ni ajabu ya maumbile. Njia ya watalii ilikuwa ipite hapohapo. Tukiyaorodhesha maua, itahamishwa. Nimekuchorea ramani.

Mjukuu wako,
Léonise

Waltham, Massachusetts
Julai 13

Mjukuu wangu,

Marahaba. Magoti yanapanda ngazi yakinung'unika.

Kijito kulia, jabali mbele: hapo ni nyuma ya jiko letu. Kula kambakoche kulikuwa aibu ya maskini. Shuleni walituimbia, “Hao, walaji wa panzi wa baharini.” Basi mama yangu alifukia maganda nyuma ya jiko, jirani wasione. Miaka ishirini ya maganda. Chokaa yako ndiyo hiyo.

Nyumba ilichomwa tulipoondoka, mwaka 1936. Nimekata tiketi ya basi ya Agosti. Nataka kusimama pale mara moja kabla sijafa.

Babu yako

Petit-Cap
Julai 24

Babu,

Shikamoo. Natumai u mzima.

Fomu ina swali: pahali hapa pamewahi kukaliwa na watu? Nikijibu ndiyo, okidi si za asili tena, zinafutwa kwenye orodha na njia inapita juu yake. Nikijibu hapana, panazungushiwa uzio, na haingii mtu ila mhesabuji, mara moja kwa mwaka. Hata wewe hutaingia. Mkuu hajui kitu. Fomu inaondoka tarehe kumi.

Niandike nini?

Mjukuu wako

Waltham
Agosti 1

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Andika hapana. Ofisa aliyekuja kutuhamisha aliandika vivyo hivyo, mezani petu, akinywa chai ya mama.

Tiketi nimeirudisha. Huku ni joto. Sijisikii vibaya, wala vizuri.

Ukienda kuhesabu, pitia upande wa kijito. Mlango ulikuwa hapo. Pangusa viatu kwanza. Mama hapendi matope jikoni.

Babu yako