Prosesa Niliyoipandisha Kasi

Swahiba, leo niliiua kompyuta ya mke wangu. Niliiua kwa mikono yangu!

Alilalamika kwamba michoro yake ya nguo inafunguka polepole. Mimi si msomi wa madarasa ya jioni ya kompyuta? Nikaingia kwenye mipangilio ya bodi mama, nikapandisha kasi ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Nikapandisha tena. Nikaiwasha: feni zinavuma, kioo cheusi tii!

Na bibi harusi wa Jumamosi yuko sebuleni, anasubiri gauni lake likatwe. Mchoro uko humo humo!

Mke wangu akaja, futi shingoni. "Baba, umefanya nini?" Nikamwambia ni mambo ya volti, hataelewa. Hataelewa! Nilisema hivyo, swahiba, bila haya.

Akachukua kile kitabu cha maelekezo nilichokipigia mistari kwa rula, akafungua ukurasa ambao sikuufikia. Akachomoa waya wa umeme, akashika bisibisi ya cherehani, akatoa kwenye bodi mama kibetri cha duara kinachotunza mipangilio. Tukangoja dakika tano, jasho linanitoka. Akakirudisha.

Ikawaka! Mipangilio ya kiwandani, mwendo ule ule wa kobe, lakini mchoro ukafunguka.

Bibi harusi akauliza nani ameitengeneza. Nikatazama sakafu. Mke wangu akasema, "Mzee wangu huyu. Amesomea."

Amesomea! Nikapewa mkono wa pongezi, swahiba. Nikasema ni kazi ndogo tu.