Papa, Kapita Hataki Kula

Papa,

Nimerudi kutoka mjini sasa hivi, miguu imevimba, hata viatu sijavua. Lakini lazima nikupe habari za mbwa wako, maana sina mwingine wa kumweleza akaelewa.

Tangu watu wa kilio watoke hapa nyumbani, Kapita alikataa kula. Ninamwekea bukari ya unga wa mahindi na mifupa, anakaa mbele ya sahani, ananitazama usoni. Mate yanamtoka, lakini hagusi. Mbavu zikaanza kuonekana. Jirani, Mama Ngoie, akasema, "Ile mbwa iko nafwata patron wake ku kaburi. Umuache tu." Nilimkasirikia sana. Kuzika mara moja kunatosha.

Nikaanza kumfundisha upya, kama ulivyomfundisha wewe uani, na kipande cha nyama mkononi. "Assis!" Anakaa. "Patte!" Ananipa mguu kwa heshima zote, kama karani anayemsalimia mkubwa wake. "Kula!" Wapi! Nikabembeleza, nikapiga kelele, nikamsogezea nyama mdomoni. Akageuza uso. Nikakaa chini kwenye saruji nikalia, sijui nilimlilia yeye au wewe.

Jumapili akaja Mama mkubwa, dada ya Mama, kutoka Sakania. Akatukuta tunakula kama tulivyozoea siku hizi, kila mtu na sahani yake kwenye kona yake. Akagomba, akatukalisha wote mezani, akasali. Aliposema "Amina" tu, tukasikia sahani ya bati ikikwaruza saruji. Kapita anakula, Papa! Anakula mpaka anapaliwa!

Hapo ndipo nilipokumbuka. Wewe ndiwe uliyemzoeza kungoja mpaka sala iishe, ukawa unajisifu kwa wageni: "Hii mbwa ni mukatolika, haiwezi kukula bila sala." Ndiyo maana wakati wa kilio alikula vizuri. Watu wa kusali walikuwapo.

Sisi, tangu tukuzike, hakuna aliyesali humu ndani. Mimi niliacha makusudi. Unajua nilivyosali ulipokuwa hospitalini, na ukaondoka vilevile. Nimechoka, Papa. Nimechoka na Mungu pia.

Lakini mbwa ana njaa.

Nimejaribu kumzoeza ale kwa neno langu, bila sala. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu wako amekwisha kukauka. Basi kila jioni ninamwita Mama na Fiston, mdogo wangu, tunakaa, ninasali mbiombio, macho wazi, ninamtazama mbwa. Mama anaitikia kwa sauti ndogo. Jana Mama alimaliza bukari yake, mara ya kwanza tangu tukuzike, akaomba mboga tena.

Pumzika, Papa. Kuamini ninayoyasema bado siwezi, usinidai hilo. Ninachokuahidi ni kuyasema kila jioni, hata nikichoka namna hii, mpaka mwisho, ili watu wako wale.

Binti yako,
Agnes