Ombi la Kumwigiza Yesu Katika Karakana Yetu

CHAMA CHA MASEREMALA WA KARAKANA YA PAMOJA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI

SIKU: Jumamosi ya pili ya mwezi, alasiri, misumeno ilipokwisha nyamaza.

MAHALI: Ndani ya karakana, kwenye meza za kazi. Ofisi haikutumika kwa kuwa imejaa makabati ya mteja aliyesema anakwenda kuleta gari la kubebea, na hadi leo tunalisubiri gari.

WALIOHUDHURIA:
1. Mwenyekiti, fundi milango, mashoto.
2. Mhazini, fundi vitanda, pia mzee wa kanisa, na hakutuacha tusahau.
3. Mama Vanishi, fundi wa kupaka rangi, dada yake Mwenyekiti.
4. Fundi Msumeno, mpasua mbao, mtu wa maneno ya kuhesabika.
5. Katibu, mwandishi wa haya.

MGENI MWALIKWA: Mtengeneza sinema, mtoto wa Mwenyekiti.

HAKUHUDHURIA: Fundi Sofa, bila taarifa. Kikao kilipopamba moto alionekana dirishani akichungulia. Katibu alimhesabu kuwa hayupo hivyo hivyo.

KUMB. NA. 1: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao. Mhazini aliomba sala iwe ndefu kutokana na uzito wa jambo lenyewe. Mama Vanishi aliomba iwe fupi kutokana na uzito wa miguu yake. Ikasaliwa ya wastani.

Kwa faida ya watakaosoma siku za mbele, Katibu anaeleza kwamba mgeni ni mtoto wa pekee wa Mwenyekiti na alijifunza kazi humu humu. Asubuhi moja, enzi za bati zile za zamani zilizokuwa zinavuja, aliweka randa chini, akatoka kwenda kusomea sinema. Tangu hapo baba na mwana hawakusemezana. Kwa hiyo salamu za kikao zilipitia kwa Katibu. Mgeni alisema, "Mzee Katibu, nisaidie kumwamkia Mwenyekiti." Katibu alimwamkia. Mwenyekiti alisema salamu zimefika, zirudishwe. Zikarudishwa.

KUMB. NA. 2: OMBI LA MGENI

Mgeni alieleza kwamba anataka kutengeneza sinema ya Yesu, lakini si yule wa kwenye fremu mwenye nywele zilizotoka saluni. Anamtaka yule mtu mwenyewe wa historia, aliyetembea kwa miguu, akala, akachoka, akatokwa jasho. Alisema miaka yote ya ujana wake yule mtu alikuwa fundi, na hakuna anayeuliza habari za hiyo miaka. Watu hukimbilia maji kuwa divai.

Mhazini aliuliza kama huyu ndiye yule yule aliyetengeneza sinema ya malaika mwenye mafua. Mgeni alijibu ndiye. Mhazini aliomba hilo liingie kwenye kumbukumbu. Limeingia.

Mgeni aliendelea kwamba sinema nzima itakuwa ya siku moja tu, siku Yesu alipoiaga karakana ya Yusufu. Haponyi mtu, hahubiri. Anafanya kazi yake, halafu anaondoka. Alisema, "Wazee wangu, kila mtu anauliza alikufaje. Mimi nina swali langu moja linalonikosesha usingizi. Asubuhi ile alipotoka, mezani pake palikuwa na nini? Alikuwa anatengeneza nini ambacho hakukimaliza?"

Hapo mgeni aliangalia juu kwenye boriti. Wajumbe nao wakaangalia juu. Mwenyekiti peke yake aliangalia chini.

Katibu anafafanua. Karakana hii ina kanuni ambayo haijaandikwa popote, ila kila mwanafunzi huambiwa siku ya kwanza: kazi ya mtu haimaliziwi na mtu mwingine. Mwenyewe akiondoka, kazi yake hupandishwa juu ya boriti imngoje. Akifa, wenzake huishusha, huimalizia na kuipeleka kwa ndugu zake. Kwa sasa juu ya boriti kuna kitu kimoja tu, stuli ya miguu mitatu, ilitakiwa iwe na minne. Aliyeiacha ni mgeni wetu. Mwaka fulani Mwenyekiti alitamka kikaoni kwamba yule mtoto kwake amekwisha kufa. Mama Vanishi akamuuliza, "Basi kaka, tuishushe tuimalizie?" Stuli ilibaki juu.

Mgeni alimaliza kwa kusema kwamba amekataliwa kila mlango aliogonga. Kwenye makanisa alifukuzwa, na mwenye ghala moja alimfungulia mbwa. Anaomba karakana hii kwa siku chache. Asipoipata hana pengine, na sinema itabaki kichwani mwake. Tena anamwomba Mwenyekiti awe Yusufu.

Mwenyekiti alimwambia Katibu amuulize mgeni kama Yusufu ana maneno ya kusema. Mgeni alijibu hana hata moja. Mwenyekiti alisema afadhali, na hakufafanua afadhali ya nini.

KUMB. NA. 3: JARIBIO LA TAA

Mhazini alihoji kwamba sinema ya asubuhi itapigwaje wakati karakana yetu dirisha lake limeelekea magharibi. Mgeni aliomba ruhusa aonyeshe. Alitoka nje na taa yake kubwa, akaitundika upande wa pili, kwenye kile kidirisha cha juu kisichofunguliwa, akaiwasha.

Katibu anakiri kwamba sehemu hii hakuandika vizuri kwa sababu na yeye alikuwa anatazama.

Mwanga uliingia umelala, rangi ya mbao mpya, na vumbi la msasa likaanza kuelea ndani yake taratibu kama halina haraka ya kufika chini. Ilikuwa alasiri tumechoka, ghafla ikawa alfajiri na hatujaanza kazi. Randa zilizotundikwa ukutani ziling'aa. Maranda ya mbao yaliyosahauliwa sakafuni yalionekana kama yamemwagwa sasa hivi na mtu aliyetoka nje kidogo. Mama Vanishi alivua viatu. Alipoulizwa sababu alisema hajui, miguu imeamua yenyewe.

Halafu Fundi Msumeno, ambaye kikao kilichopita hakufungua mdomo isipokuwa kupiga mwayo, alisema, "Alikuwa anatengeneza nira."

Mama Vanishi alisema si nira, ni kitanda cha kulaza mtoto mchanga, kwa sababu majirani lazima walikuwa na mja mzito, majirani hawakosi. Katibu alisema ni ngazi. Alipoulizwa ya kupandia wapi, alisema hilo atajibu siku akifika huko.

Mhazini alikuwa ameufunika uso kwa mikono. Aliufunua akasema polepole, "Ni mlango. Alikuwa ameshaunga fremu. Umebaki ubao mmoja wa kati. Ameshaupiga randa, umeegemezwa ukutani hapo, unanukia." Alionyesha ukutani kwa kidole, na wajumbe wote waligeuka kuutazama ubao ambao haupo.

Mhazini alishtuka akakumbuka kwamba yeye anapinga ombi. Aliomba maneno yake ya mlango yafutwe. Katibu alimjibu kwamba kalamu ya chama haina kifutio.

KUMB. NA. 4: UBISHI JUU YA USO

Mhazini alitaka kujua ni nani atakayejitia kuwa Bwana. Mgeni alijibu kwamba ni yeye mwenyewe.

Kelele zilizofuata haziwezi kuandikwa zote. Zilizoshikika ni hizi:

Mhazini: "Wewe! Wewe uliyekuwa unalamba gundi kwenye kopo hapa, leo uwe Mwokozi?"

Mgeni: "Na yeye alikuwa mtoto, mzee wangu. Unadhani alizaliwa anajua gundi hailiwi?"

Mhazini: "Mnamsikia? Mnamsikia mtoto wenu?"

Mama Vanishi: "Tunamsikia, punguza sauti. Mwanangu, na wewe huo mdomo ungeutia msasa kidogo."

Fundi Msumeno alisema kwamba kwao wao manabii hawachorwi uso wala hawaigizwi, na yeye atakuwa na wateja wa kuwaeleza msikitini. Alisema hana ugomvi na kijana, ila mkono wake hautapanda kuunga mkono uso. Mhazini alimshika bega, jambo ambalo halijatokea tangu wagombanie ile mbao ya mvule.

Mgeni alisema sinema bila uso ni sawa na stuli iliyopigiliwa ukutani. Alisema amekuja kumwonyesha mtu, si kumficha, na kama wazee wanataka picha ya kuogopa basi fremu zinauzwa sokoni. Mama Vanishi alimwambia, "Shangazi yako nakutetea, usiniangushe." Mgeni alianza kuvingirisha waya wake. Alizima taa. Karakana ikarudi alasiri, na kila mtu akaonekana mzee kuliko alivyokuwa.

Kura zilipigwa ili jambo lisiachwe linaning'inia. Waliokataa ni Mhazini na Fundi Msumeno. Waliokubali ni Mama Vanishi na Katibu, na Katibu aliulizwa tangu lini anapiga kura, akajibu tangu leo. Fundi Sofa aliinua mkono akiwa dirishani. Haukuhesabiwa. Kura zilikuwa sawa, na kwa taratibu zetu Mwenyekiti ndiye mwenye kukata.

Mwenyekiti alikwangua gundi iliyokauka kwenye ukucha. Kisha alisema, akiielekea meza:

"Yusufu hakuuona uso. Mtoto akiondoka baba haoni uso. Anaona mgongo, na mlango, na jua huko nje. Mgongo unakuwa mdogo. Baadaye kuna jua tu. Mimi najua."

Mgeni aliacha waya wake. Alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa zamani, kwamba sinema yote ipigwe kutoka mahali alipo Yusufu. Ionekane mikono ya kijana kazini, bega, kisogo, na mwisho mgongo mlangoni. Uso hapana. Alisema miaka yote alikuwa anaiota sinema hii akiwa amesimama upande usio wake.

Fundi Msumeno alisema mgongo si wa nabii, ni wa huyu kijana, na anaufahamu kwani amewahi kuupakia mbao. Mhazini alisema hata yeye haoni andiko linalokataza mgongo, lakini atalitafuta.

KUMB. NA. 5: SUALA LA STULI

Mhazini, ambaye hakubali kushindwa akiwa amekaa, alisimama kutoa hoja ya mwisho. Alisema kanuni ni kanuni: mwenye kazi juu ya boriti hapewi meza nyingine humu mpaka amalize ile ya kwanza. Ishushwe stuli. Kijana auchonge mguu wa nne hapa hapa mbele ya kamati. Mguu ukikaa, apewe karakana na baraka. Ukikataa, akatafute karakana ya waigizaji. Alisema hivyo akijua, na sote tukijua, kwamba mikono ya mgeni siku hizi haishiki patasi.

Mgeni alijitazama viganja, akakubali.

Mwenyekiti alisema haoni sababu ya kusumbua ngazi leo. Alisema boriti ina vumbi. Alisema na mgongo wake unamuuma. Mama Vanishi alimuuliza kwani nani amemwambia apande yeye.

Fundi Msumeno alipanda. Alikaa huko juu kuliko ilivyohitajika. Aliuliza kutoka juu, "Ilikuwa ya miguu mitatu au minne?" Aliambiwa mitatu. Akasema, "Haya," akashuka nayo, akaiweka juu ya meza.

Ilikuwa na miguu minne.

Ule wa nne ulikuwa wa mbao nyingine, mpya kidogo kuliko ile mingine, umepigwa msasa mpaka ukalainika kama shavu. Mama Vanishi aliuvuta, ukatoka. Haukuwa umetiwa gundi. Ulikuwa umechongwa, umeingizwa kwenye tundu lake ukakaa sawasawa, kisha ukaachwa hivyo hivyo. Kwenye ncha yake alama za patasi zilikuwa zimelala upande wa kushoto. Humu ndani mashoto ni mmoja.

Kwa mujibu wa kanuni, aliyeugusa ule mguu amekosa. Kwa mujibu wa kanuni hiyo hiyo, asiyetia gundi hajamaliza kazi ya mtu, na mwenye kazi hajafa. Katibu aliuliza kama kuna mjumbe mwenye hoja ya nidhamu. Mhazini, ambaye ndiye mwenye hoja siku zote, alisema vumbi la boriti limemwingia machoni.

Mgeni aliugeuza geuza ule mguu mkononi. Mwenyekiti alikuwa anatazama kidirisha cha juu.

Bila kuombwa na mtu, Mama Vanishi alienda kuleta kopo la gundi na brashi, akaviweka katikati yao, akarudi kukaa. Fundi Sofa aliitwa kule dirishani aache kushangaa, azunguke aiwashe taa. Akaiwasha. Asubuhi ikaingia tena.

Mwenyekiti alichovya brashi. Alizungusha gundi ndani ya tundu, bila haraka, kama anavyofanya kwenye milango ya watu wanaolipa vizuri. Kisha alimwambia mgeni, bila kupitia kwa Katibu:

"Shika hapo."

Mgeni akashika.

KUMB. NA. 6: MENGINEYO

Hayakuwepo.

KUMB. NA. 7: KUFUNGA KIKAO

Ilikubaliwa kwamba ombi limepita. Mwenyekiti alitakiwa kufunga kikao lakini mikono yake haikuwa na nafasi, kwa kuwa jiliwa letu la kubania mbao limeharibika na mguu unahitaji kushikwa hadi gundi ikamate. Wajumbe walitoka mmoja mmoja kwa kunyata. Mama Vanishi alibeba viatu vyake mkononi. Katibu hawezi kuandika saa ya kufunga, kwa sababu alipotoka nje palikuwa magharibi, na alipogeuka kuangalia ndani ilikuwa bado alfajiri, na wawili wale walikuwa bado wameishika stuli.

Zimethibitishwa:

MWENYEKITI: (sahihi ipo, imeganda kwa gundi, karatasi isivutwe kwa nguvu)

KATIBU: (sahihi)