Sauti Iliyosema Karibu

Kamembe, Jumapili. Mvua tangu asubuhi, na ziwa halionekani.

Leo nimekwenda kuitazama filamu iliyochukuliwa nyumbani kwangu. Vijana wale walikodi sebule yangu kiangazi kilichopita, wakaniomba tu nisipite mbele ya kamera. Nilikubali haraka. Sababu sikuisema wakati ule, lakini hapa ninaweza: nilitaka nyumba iwe na kelele. Tangu binti yangu Rehema aolewe Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kelele pekee ni ya cherehani yangu.

Mimi ni mpenzi wa filamu zetu za Rwanda, na nina ugomvi nazo. Filamu za nje zikimwonyesha mtu yuko peke yake, subiri kidogo tu, atapata bunduki au mchumba. Zetu humwacha hivyohivyo. Anaosha sahani moja, anakitazama kilima, na hakuna anayemuuliza kitu. Huwa nanung'unika kwamba zinachosha, kisha naangalia hadi mwisho.

Hii nayo ni ya namna hiyo. Mwanamke anaishi peke yake, na kila jioni akirudi anabisha mlango wake mwenyewe na kusema hodi. Hakuna anayejibu. Ndiyo hadithi yote.

Ila mara ya mwisho, kutoka ndani kabisa ya nyumba, sauti inajibu: "Karibu."

Ukumbi mzima uliguna. Dada mmoja nyuma yangu akaanza kusali. Mimi nikainuka nusu kitini, kwa sababu sauti ile ni yangu.

Nikakumbuka. Siku ile waliporekodi nilikuwa nimekaa kitandani, chumba cha nyuma, nashona pindo la kitenge. Nikasikia hodi. Ilikuwa zamani mno tangu mtu apige hodi kwangu. Mdomo ulijibu kabla ya akili, na ulijibu kwa furaha, Mungu wangu, furaha ya kuonea aibu.

Filamu ilipokwisha nilimfuata mwongozaji, kijana wa hapahapa Kamembe, nimwombe radhi kwa kumharibia kazi. Akaeleza kwamba walidhani nimekwenda sokoni. Walipoisikia ile sauti walisimamisha kila kitu, wakapita chumba kwa chumba na taa.

"Maman, tulifungua hata kile chumba cha nyuma," akasema. "Tuliangalia muzuri. Hamukukuwa muntu."

Lakini mimi niliwaona. Mlango ulifunguliwa, taa ikanipiga usoni, na yeye mwenyewe akanitazama moja kwa moja. Nikatabasamu. Akafunga mlango.

Nilidhani ni adabu.

Nimerudi na hofu ambayo siwezi kumweleza jirani yeyote. Nimekaa dirishani tangu niingie. Maman Zawadi wa nyumba ya pili amepita na mwavuli wake, nikampungia mkono. Ameangalia upande huu, akaendelea na njia yake. Labda ni mvua.

Rehema ananiomba kila mara nihamie kwake, nami humjibu kwamba upweke nimeshauzoea. Sikuuzoea. Nilikuwa nafifia tu, na nikaona ni utulivu.

Kesho asubuhi navuka kwenda Bukavu. Pale mpakani lazima mtu akutazame usoni kabla hujapita, akulinganishe na picha yako.

Nitaanzia hapo.