Matundu ya Fimbo Ziwani

Sunniva mwanangu,

Supu ya samaki ipashe moto. Nina darasa jioni, nitachelewa. Ukienda kwa bibi ng'ambo ya ziwa, ukiteleza thelujini kwa mbao zako za skii, chukua fimbo zinazokufika kwapani, siyo zile ndefu za kujionyesha.

~~Usivuke ziwa.~~ Vuka, ila nisikilize. Asubuhi nimekuta matundu ya fimbo thelujini, kuanzia mlangoni kwetu hadi ng'ambo, bila alama za skii. Ya kulia yana alama ya kisahani cha kuzuia fimbo isididimie, ya kushoto hayana. Fimbo ya kushoto ya marehemu baba yako haikuwa na kisahani, nawe unajua zote mbili zilizama naye.

Yeye alikatiza katikati ya ziwa, kwenye barafu nyembamba. Matundu haya yanazunguka kando kando, kwenye barafu nene. Nimepiga magoti, nikasali, nikamshukuru Mungu.

Yafuate, mwanangu. Usiyakanyage.

Mama