Furaha Yuko kwa Walrasi

Jumatatu, 7 Julai
Furaha wangu amechaguliwa kwenda kuhesabu walrasi, wale wanyama wa bahari ya barafu! Mmoja tu katika darasa zima la chuo kikuu, na ni wa kwangu. Naandika hata viatu sijavua, nimetoka kazini kuogesha wazee. Mimi niliishia darasa la sita kule Uvira. Sasa mtoto wa tumbo langu anapanda meli kwenda visiwa vya barafu kaskazini ya Norwei. Kwenye treni nilimwambia mama mmoja nisiyemjua. Alitabasamu, akarudi kwenye simu yake. Furaha ananiambia kwa Kiswidi nitulie. Nitulie kwa nini?

Jumamosi, 2 Agosti
Ameondoka jana. Nimetazama picha za hao wanyama. Mungu wangu. Mnene kama ng'ombe wawili walioshonwa pamoja, masharubu kama ufagio, meno mawili yanashuka toka mdomoni marefu kama mkono wangu. Anayachomeka kwenye barafu kujivuta juu. Chakula chake chaza wa chini ya bahari, anawapapasa gizani kwa yale masharubu. Ufukweni wanalaliana kama magunia ya mihogo. Kuwakaribia ni kwa kutambaa, upepo ukikupiga usoni, bila neno. Wakishtuka wote wanakimbilia maji, wadogo wanakanyagwa. Furaha anyamaze? Huyu aliyezaliwa akipiga kelele hospitali nzima.

Jumapili, 3 Agosti
Nimetoa ushuhuda kanisani. Vigelegele. Mama Esta wa kwaya akauliza kama hao wanyama hawali watu. Nikacheka kuliko wote. Nyumbani nikasoma. Watu hawali. Lakini jike ananyonyesha miaka miwili na zaidi, anabeba mtoto mgongoni, na mashua ikimsogelea anaitoboa kwa meno.
Furaha anatumia mashua ya mpira.


Alhamisi, 7 Agosti
Aliahidi kupiga simu jana. Hakupiga. Leo pia kimya. Kwenye kundi la kanisa nimeandika kwamba anawasalimu wote, anakula vizuri. Uongo mtupu. Naogopa.

Ijumaa, 8 Agosti
Namba iliyofichwa imepiga mara tatu nikiwa kazini Sundbyberg. Sikupokea. Namba iliyofichwa ni ofisi, na sisi tuliongoja karatasi za kuishi hapa Uswidi miaka mingi tunajua ofisi haikupigii kukupa pipi. Baadaye nikawaza. Kama ni habari yake je? Nikajifariji: kwetu msiba hausemwi kwa simu. Watu wanakuja nyumbani, wanakukalisha kwanza.

Jumamosi, 9 Agosti
Saa nne asubuhi, kengele ya mlango. Mchungaji, Mama Esta, wazee wawili wa kanisa. Hawakuniambia wanakuja. Mchungaji kavaa koti kama wa msibani. Nikajua. Nikakaa chini palepale kwenye viatu vyao.
"Semeni haraka," nikawaambia.
Mama Esta akainama. "Dada, tumekuja kwa kitenge tu. Sare ya kumpokea Furaha. Kijani ao bluu?"
Nikalia mpaka mchungaji akaanza kuomba. Nikawaeleza yote: hajapiga, zile salamu nilizitunga mwenyewe. Hakuna aliyenicheka. Mzee mmoja akaenda kuchemsha chai bila kuuliza.
Namba ile ikaita tena. Nikaisukuma simu pembeni. Mama Esta akaipokea, akanibandika simu sikioni.
"Mama, mbona hupokei? Ni mimi napiga toka jana, kwa simu ya meli."
Nikamwita jina kwa nguvu, nikamwambia aeleze yote.
Walipita karibu na jike mwenye mtoto, hawakumwona. Akatoboa mashua. Upande mmoja ukabaki na hewa, wakafika nchi kavu wameshikilia kamba. Redio ikazama. Meli iliwakuta siku ya pili. Mkono wake wa kulia umevunjika.
"Usimkasirikie, mama. Alifikiri tunamchukulia mtoto."

Jumatatu, 11 Agosti
Nimerudi kazini. Furaha anabaki huko mpaka meli igeuze kurudi. Anaandika hesabu kwa mkono wa kushoto. Nilitaka kumkataza. Sikumkataza.
Leo asubuhi nimetazama tena picha ya jike, mtoto mgongoni. Mimi nilivuka mpaka wa nchi na Furaha mgongoni. Askari aliponyoosha mkono kumfungua kwenye kanga, nilimng'ata. Hilo sijawahi kulisema kanisani.
Mvua ndogo nje. Nimeosha mashuka ya Furaha.
Watu wa kanisa wote nimewaambia waje kumpokea hapa Rissne, hata wale wa Fisksätra, ng'ambo ya mji: Jumamosi tarehe 30, saa nane mchana.